Tope Lisilotoka kwa Sabuni

Alhamisi jioni, Kaloleni.

Mpango uliwekwa kwa Wayua, chumba cha nyuma, penye mitungi ya pombe ya busaa. Kiberiti kilichowekwa mezani ndicho kilichokuwa lori la tenki.

"Hapa ni yadi," Nzomo alisema. "Jumapili hakuna mtu, ila mlinzi mmoja mzee. Tunaingia, tunajaza, tunahepa. Jioni mtu wa kiwanda cha sabuni anapokea mzigo."

Nzomo alijiita Jenerali. Jenerali wa nini, hakuna aliyemuuliza. Kazi yake kubwa maishani ilikuwa kunyonya petroli kwa mpira kwenye magari ya watu kule Makongeni, na sasa kichwa kilikuwa kimemvimba.

Phares alikuwa akichochea moto wa boila ya yadi hiyo. Alimuuza mwajiri wake kwa chupa mbili za bia. Alieleza kwamba matangi ya kiwanda cha mafuta kule pwani yakioshwa, chini hubaki tope. Linaletwa kwa reli, linapigwa mvuke, maji yanajitenga, mafuta yanapanda juu, yanauzwa kuwashia boila za viwanda. Udongo unaobaki wanafyatulia matofali.

"Lakini lazima yakae moto," alisema. "Na yakikushika mkononi, sabuni haifui dafu. Hutolewa na mafuta ya taa tu."

"Nani amekuuliza habari za kuoga?" Nzomo alisema.

Wa tatu alikuwa Matheka, dereva. Jela ya Kamiti alikuwa ameilala vya kutosha, kwa hiyo jina lake alijua Nzomo peke yake. Phares alimjua kama Dereva, basi.

"Chuma hapana," Matheka alisema. "Siku hizi ukiiba na bunduki ni kamba. Mimi shingo ninayo hii moja."

"Naapa kwa mama yangu."

Mama yake Nzomo alikuwa ameapiwa mara nyingi sana. Ajabu ni kwamba bado alikuwa hai.

Jumapili, saa saba mchana, Industrial Area.

Phares alifungua geti. Mlinzi akatoka kibandani, filimbi mdomoni. Kumshika mkono tu kungetosha, mzee mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufagio. Jenerali akachomoa bastola, akampiga nayo usoni, kisha akamfunga macho kwa shati lake mwenyewe.

Matheka aliruka kutoka kabini ya lori. "Uliapa."

"Jaza."

"Uliapa, mbwa wewe."

Bastola ikamgeukia. Akajaza. Mpira ulikuwa unavuja, na mafuta ya moto, meusi, yakamlowesha hadi viwikoni.

Mtu mwenye akili angepeleka mzigo moja kwa moja. Nzomo aliamuru wajifiche kwanza kwenye machimbo ya mawe nyuma ya Mowlem, eti mpaka barabara itulie. Barabara ilikuwa imetulia. Ni yeye ambaye hakuwa ametulia. Na ilikuwa Julai, na baridi ya Julai inaingia hadi kwenye vyuma.

Saa kumi, machimboni.

Mtu wa sabuni, aliyepelekewa habari, alikuja na mapipa yake. Nzomo akafungua koki. Kimya. Akaligonga bomba kwa jiwe. Likatoka tonge moja jeusi, likaanguka pu.

"Mnaniuzia ugali?" mtu wa sabuni alisema. Akageuza gari, akaenda zake.

"Nilisema yakae moto," Phares alisema.

"Basi yape moto. Washa."

"Wapi?"

"Chini ya bomba, mjinga. Wapi tena?"

Phares akakusanya matairi makuukuu. Nzomo akapanda juu ya tenki, akafungua kifuniko, akaanza kukoroga kwa mti. Jenerali mzima, anasonga ugali.

Matheka alikuwa amebeba mafuta miaka mingi. Hakuna dereva wa tenki asiyejua mvuke wa mafuta ukikutana na moto unafanya nini. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Halafu akakumbuka kamba. Mlinzi hakuiona sura yake. Walioiona ni hawa wawili.

"Naenda haja," alisema.

Phares aliinua kichwa kutoka chini ya tenki, kiberiti mkononi. "Dereva, hii ni salama kweli?"

"Salama," Matheka alisema. "Washa tu."

Alikuwa hajafika barabarani ardhi ilipotikisika. Hakugeuka.

Saa moja jioni, Kaloleni.

Kwa Wayua alijisugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikamwasha. Akavaa shati jeupe, akaingia ukumbi wa mtaa, ambako kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Akakaa benchi la nyuma. Wote wawili wamekwisha, aliwaza, na shingo imebaki. Aliona aibu kidogo. Furaha ilikuwa nyingi zaidi.

Karao wa polisi wakajaa mlangoni. Inspekta hakuuliza kitambulisho cha mtu. Alishika mkono wa mzee wa kwanza, akaunusa. Akashika wa pili.

"Mnatafuta nini, bwana?" mwalimu wa kwaya aliuliza.

"Kuna kijana hospitalini ameungua mpaka macho hayafunguki," Inspekta alisema, bado ananusa. "Jina la mwenzake halijui. Anajua anapokunywa, ni hapa Kaloleni. Na anasema tunuse mikono, tutafute mafuta ya taa."

Akafika benchi la nyuma. Matheka akanyoosha mikono yake. Mle ukumbini hakukuwa na mikono safi kuliko hiyo.