Fremu ya Maïka Yaingia Tanurini

Kila Jumapili baada ya chakula, Ghislain Villeneuve na binti yake Maïka walikwenda kuzunguka ziwa kwa baiskeli. Miguu ya Maïka haikuwa na nguvu, kwa hiyo yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mikono. Fremu yake ya alumini aliichomelea baba mwenyewe.

Siku moja, mteremkoni, fremu ilikatika. Maïka aliburuzwa, akachubuka kiwiko. Ghislain alimrudisha nyumbani. Alijiona ndiye aliyemwangusha mwanawe.

Jirani yao Fernande, aliyestaafu kazi ya tanuri katika kiwanda cha alumini, alikuja kuitazama.

"Umechomelea vizuri," alisema. "Haikukatikia kwenye kiungo. Imekatikia pembeni yake."

"Kwa nini?"

"Moto wa kuchomelea ulilainisha alumini ya pale. Nguvu yake lazima irudishwe."

Ghislain akasema ataipasha moto mwenyewe gerejini, kwa mtungi wa gesi. Fernande alikataa. Alumini haiwi nyekundu kama chuma, alieleza. Utadhani bado haijapata moto, kumbe inayeyuka.

Kisha akawafafanulia kazi yenyewe. Ndani ya alumini hiyo mmechanganywa madini mengine kidogo. Tanurini, joto likienea sawasawa, madini hayo huyeyukia ndani kama sukari kwenye chai. Papo hapo fremu hutumbukizwa majini. Baadaye hupashwa tena kwa joto la chini, kwa saa kadhaa. Hapo madini hujikusanya kuwa chembe ndogo mno, nazo ndizo zinazoikaza alumini.

"Na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, haitaila?" Maïka aliuliza.

"Ndiyo maana haicheleweshwi kuingia majini. Ikipoa polepole, chumvi hupata njia ya kuila kwa ndani."

Ghislain bado alitaka kujaribu mwenyewe.

"Baba," Maïka alisema, "anayeanguka ni mimi."

Hakubisha tena. Alichomelea fremu upya, wakaipeleka kwenye karakana yenye tanuri. Ilipotoka majini ilikuwa imepinda kidogo. Mafundi waliinyoosha ingali laini, ndipo wakaipasha mara ya mwisho.

Majira ya baridi yalipita, Maïka akiiendesha kwenye chumvi ya barabarani. Ghislain aliikagua fremu inchi kwa inchi. Haikuwa na ufa wala doa.

Jumapili ya kwanza ya jua walirudi ziwani. Mteremkoni Ghislain alikuwa bado anaikodolea macho fremu, Maïka alipoachia breki na kumpita kama upepo. Basi akaacha kukagua, akakanyaga pedeli kwa nguvu amfikie.