Mia Moja ya Wapi?

Fundi alikuwa anapinda pindo la sare ya shule. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani, mdomo umejaa pini. Chumba cha pili, mama mkwe wake alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Ghafla yule mama akaingia mbio, ameshika kichwa.

"Mkwe wangu, daraja la mtoni limekwenda na maji! Wametangaza sasa hivi."

Mguu wa Fundi ukasimama. Mume wake alikuwa mbali bondeni, akichimba visima mahali ambapo simu hazishiki. Kazi ilikuwa imekwisha. Jioni ile ile angepakia mitambo kwenye lori na kurudi usiku, na njia yake ni daraja hilo hilo. Usiku, kwenye mvua, dereva huliona pengo akiwa ameshafika ukingoni.

"Si mna redio yenu?" mama akauliza. "Si ulifanya mtihani mpaka ukapewa leseni? Mwambie asije!"

Ni kweli. Mume na mke wote walikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali bila simu. Moja ilikuwa kwenye lori, nyingine kwenye meza ya pembeni. Kila alasiri walikutana hewani kwenye masafa ya 7.100. Kwa kuzoea, waliyaita "mia moja" tu. Lakini mazoea yana taabu. Mume ndiye aliyekuwa akiiweka redio sawa kabla ya kusafiri. Fundi aliwasha na kuongea, basi. Mambo ya vitufe yalikuwa yameshamtoka kichwani. Na asubuhi ile, wakati anafuta vumbi, kitambaa kilizungusha gurudumu kubwa la mbele, la kubadilishia masafa.

Saa yao ya kukutana ilikuwa imefika. Akawasha. Kioo kikaandika 7.062.840. Akazungusha gurudumu taratibu mpaka kikaandika 7.063.100.

"Mia moja hiyo hapo," akasema kwa furaha.

Akamwita mumewe. Kimya. Akaita tena. Ukasikika mluzi, kisha kelele kama mafuta yanayokaanga.

"Labda sauti yako ndogo," mama akasema. "Piga kelele."

"Mama, huyu si jirani wa ng'ambo ya barabara!"

Akabonyeza kitufe kimoja. Herufi A ikageuka B. Akabonyeza kingine. Namba ya mwanzo ikaruka kutoka 7 hadi 14. Akabonyeza tena ili arudi, ikawa 21. Kila alichogusa kilimpeleka mbali zaidi. Fundi alichanganyikiwa kabisa. Aliona haya kwa sababu leseni ilikuwa pale ukutani, inamtazama.

"Kuuliza si ujinga," mama akasema. "Namwita Bi Antena."

Bi Antena alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu wa chuo cha ufundi. Jengo zima lilimwita hivyo kwa sababu nyaya zake za redio zilikuwa zinagombana na kamba za nguo juu ya paa. Alishuka na glovu za kuoshea vyombo mkononi.

"Mumeo yuko masafa gani?"

"Mia moja."

"Mia moja ya wapi?"

"Mia moja tu, dada! Niliipata pale mwishoni, lakini hajibu!"

Bi Antena akatazama cherehani, akacheka kidogo. "Mteja akija akakwambia, nikatie kitambaa cha thelathini, utamkatia?"

"Nitamuuliza kwanza. Thelathini nini? Mita au sentimita?"

"Basi na mimi nakuuliza. Namba ya mwanzo hapa ni megahezi. Hizo ni mita zako. Tatu za katikati ni kilohezi, kama sentimita. Tatu za mwisho ni hezi, vipande vidogo kabisa. Wewe uliitafuta mia moja mwishoni. Mumeo yuko katikati."

Fundi akajipiga kwenye paji la uso. "Kumbe nimepima kanzu kwa milimita!"

"Sasa turudi. Redio hii inashika masafa mawili, A na B. Ulihamia B. Bonyeza hapa urudi A." Namba ya mwanzo ikawa 7 tena. "Ukipotea bendi, yaani namba hiyo ya mwanzo, tumia kitufe hiki cha bendi. Sasa zungusha."

Fundi akazungusha. Namba zilitambaa. "Kwa mwendo huu tutafika kesho!"

"Kitufe cha hatua kipo. Hatua kubwa ya kukaribia, hatua ndogo ya kulenga sawasawa. Lakini leo tuna haraka. Andika namba yenyewe."

Fundi akaandika 7100. Redio ikalia piii, ikakataa.

"Umesahau nukta. Saba, nukta, moja, sifuri, sifuri. Kisha kitufe cha kuthibitisha."

Kioo kikaandika 7.100.000. Fundi akaikamata maikrofoni.

"Ngoja!" Bi Antena akamshika mkono. "Sikiliza kwanza. Usimrukie mtu hewani."

Wakanyamaza wote watatu. Katikati ya kelele ikatoka sauti waliyoijua.

"...nimeita sana, sipati jibu. Nafunga kituo."

Fundi akataja alama ya kituo chake, jina lake la hewani. "Usifunge! Daraja la mtoni limekatika. Usipite! Umenipata?"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nimekupata. Daraja limekatika. Nalala hapa, kesho nazungukia njia ya mlimani."

Fundi akaketi, akalia. Bi Antena alimwacha alie. Kisha akamfundisha kuhifadhi masafa yale kwenye kumbukumbu ya redio, ili siku nyingine ayaite kwa kitufe kimoja. Akamwonyesha pia kitufe cha kufunga gurudumu, ili kitambaa kisilisogeze. "Redio hazifanani," akaonya. "Ukipata nyingine, soma kitabu chake. Na kila Jumapili jizoeze mwenyewe, mumeo asikuwekee."

Kesho yake jioni lori likafika, limetapakaa tope. Mume akashuka, akamsalimia mama yake, akamgeukia mkewe.

"Nilikuwa nimeshashika swichi ya kuzimia," akasema. "Ungechelewa kidogo tu, nisingekusikia."

Mama mkwe akaenda mpaka kwenye redio, akaikodolea macho.

"Mkwe wangu, nifundishe na mimi."

"Mama, kuna mtihani."

"Nitaufanya," akasema bibi kizee. "Mtoto ninaye mmoja."