Mtaa Usio na Njia

Kila asubuhi Lupe alingoja mama yake, Sina, aingie bafuni, kisha akatokea mlango wa nyuma. Kwenye uzio wa mbao kulikuwa na ubao aliouondoa misumari ya chini. Aliusukuma, akapenya, akakatiza bustani ya Bwana Corrigan, na dakika tano baadaye akawa shuleni. Kwa barabara ingekuwa kilomita tatu. Pale Tarneit, kitongoji kipya pembeni mwa jiji, kila kampuni ilijenga mtaa wake kwa haraka, na hakuna aliyekumbuka kuiunganisha mitaa hiyo.

Siku moja Bwana Corrigan, mzee mpweke, alilalamika kutoka upande wa pili wa uzio kwamba nyanya zake zinakanyagwa.

"Lupe, ni wewe?" Sina akauliza.

"Mimi? Hata! Labda paka, mama."

"Paka wa siku hizi anavaa viatu?"

Lupe akashikilia uongo wake.

Jumamosi iliyofuata alisikia mtu akiguna kwa maumivu nyuma ya uzio. Alichungulia, akamwona Bwana Corrigan amelala chini, ameshika kifua. Akamwita mama yake. Sina alipiga simu ya dharura, na kwa kuchanganyikiwa akataja anwani yake mwenyewe. Gari la wagonjwa likasimama mlangoni pao.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza mhudumu.

"Nyuma ya uzio huu."

"Lo, mama! Huko ni mtaa mwingine. Kuzunguka ni dakika kumi, na machela haipandi uzio!"

Lupe aliutazama ubao wake. Akisema, ataumbuka. Asiposema, mzee atakufa.

"Kuna njia," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ubao huu niliulegeza mimi."

Sina alimkazia macho. Wahudumu waling'oa mbao nyingine mbili, wakapita.

Wiki mbili baadaye Bwana Corrigan alirudi nyumbani, amekonda lakini anacheka. Lupe alipomwona amesimama kwa miguu yake, alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Akamwomba radhi kwa nyanya, naye Sina akaahidi kwamba Lupe atazipanda upya.

"Na alipe kwa jasho lake," alisema Sina. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Atapanda, na hapa kwenye uzio nitaweka lango," alijibu mzee. "Lakini nisikilize, binti. Mimi ningekupa njia siku ya kwanza ungeniomba. Lango lingekuwepo mwaka mzima, na siku ile nisingelala chini peke yangu nikiwasikia mnabishana pa kupita."