Mstari Mmoja Uliorukwa

Sabina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Mtwara. Mumewe, Mathayo, alifanya kazi bandarini. Alisimamia upakiaji wa magunia ya korosho. Wote wawili walitoka Singida. Walikaa Rahaleo pamoja na binti yao mdogo, Rozalia.

Kila asubuhi Sabina alifagia uwanja, akachemsha uji, akamvalisha Rozalia, kisha akaenda shuleni. Jioni alikwenda Mtawanya, pembezoni mwa mji, kufundisha darasa la watu wazima. Wanafunzi wake walikuja na taa za chemli. Wengine walikuja na watoto mgongoni.

Sabina na Mathayo walipopata uhamisho wa kuja Mtwara, ndugu zao waliwapa pole kana kwamba wamefiwa. Walisema kusini hakuna barabara, na vita viko karibu. Lakini sasa vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma vilikuwa vimekwisha. Msumbiji ilikuwa imepata uhuru. Na Sabina alikuwa ameipenda Mtwara. Kila alipoandika barua nyumbani alieleza habari zake, na ndugu zake hawakuamini.

Katika darasa la Mtawanya kulikuwa na mwanamke aitwaye Ilda. Wazazi wake walitoka Msumbiji. Walivuka Ruvuma zamani, hata kabla ya vita kuanza, wakikimbia ukatili wa Wareno, Ilda akiwa bado ananyonya. Baba yake, Mzee Lourenco, alilima mpunga katika kijiji cha Namilembe, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Ilda aliolewa Mtawanya, na huko aliuza mchele wa baba yake. Siku moja alimwambia Sabina, "Mwalimu, unatufundisha kusoma habari za nchi nzima. Kwetu hujafika. Njoo upaone."

Likizo ilipofika, Sabina alikwenda. Alipanda lori mpaka Ziwani, kisha akatembea kwa miguu. Alilala katika nyumba za watu. Alikula ugali wa muhogo na makome, yaani konokono wa baharini. Aliteleza katika jaruba la mpunga akaanguka mzimamzima, na wanawake wakamcheka mpaka naye akacheka. Aliona maji ya mto yenye rangi ya udongo yakiingia katika maji ya bahari yenye rangi ya buluu.

Njiani kuelekea mdomo wa mto kulikuwa na mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko. Maji yalipokupwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Yalipojaa, hapakuvukika. Mzee Lourenco alimwonyesha pa kupita, akamweleza wakati wa kuvuka. Kisha akamvusha mwenyewe.

Aliporudi nyumbani, Sabina aliandika yote aliyoyaona. Mathayo aliyasoma. Alicheka sana alipofika kwenye jaruba la mpunga.

"Hiki kinafaa kuwa kitabu," alisema. "Kingesomwa na wale waliotupa pole."

Sabina alipeleka barua kwa wachapishaji wa Dar es Salaam. Walimjibu kwa upole kwamba wana vitabu vingi vinavyosubiri, na karatasi ni haba. Basi yeye na mumewe waliamua kukichapisha wenyewe. Mathayo alikuwa ameweka akiba ya kununua baiskeli. Aliitoa bila manung'uniko, akaendelea kwenda bandarini kwa miguu.

Palikuwa na mtu mmoja mjini mwenye mtambo mdogo wa kupiga chapa. Sabina alimpelekea muswada, yaani maandishi yake yaliyopigwa taipu vizuri. Mpiga chapa alipanga herufi, akatoa karatasi za majaribio, ambazo watu wa kazi hiyo huziita prufu. Alimwambia Sabina azisome kwa makini kisha aweke sahihi. Baada ya sahihi, mtambo ungeanza kazi.

Siku hiyo Sabina alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Pia alitaka kitabu kiwe tayari kabla ya sherehe za Saba Saba. Alitazama jalada. Aliliona jina lake limepigwa chapa kwa herufi kubwa, akalipapasa kwa kidole. Alifungua kurasa hapa na pale. Akaweka sahihi.

Mathayo alimuuliza kama amesoma yote.

"Nimekiandika mwenyewe," Sabina alijibu. "Kila neno nalijua."

Kitabu kilitoka kwa wakati. Sabina aliweka meza ndogo kwenye viwanja vya Saba Saba. Walimu wenzake walinunua. Wafanyakazi wa bandari walinunua. Kijana mmoja aitwaye Mussa naye alinunua. Alikuwa bwana shamba, ametoka Tabora karibuni tu, na alitakiwa kutembelea vijiji vya mwambao. Alimwambia Sabina kwamba kitabu hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Sabina alirudi nyumbani na furaha kubwa.

Haukupita muda mrefu, Ilda alikuja Rahaleo. Sabina alimkaribisha kiti. Ilda hakukaa.

"Mwalimu," alisema, "kitabu chako kimemtia baba yangu aibu."

Kisha akaeleza yaliyotokea. Mussa alikuwa amefika kwenye mkono wa bahari akiwa na kitabu mkononi. Alisoma, akatazama maji, akangoja yaanze kujaa. Ndipo akaingia. Alipofika katikati, maji yalimfika kifuani. Tope likamshika miguu. Alipiga kelele. Kwa bahati, wanawake waliokuwa wakiokota makome upande wa pili walimsikia. Mmoja wao, Somoe, alifunga kanga pamoja, akamrushia, wakamvuta. Alitoka akiwa hai, lakini alikuwa amekunywa maji mengi. Walimpeleka zahanati.

Mussa aliwaonyesha watu ukurasa ule. Wanakijiji wa Namilembe wakamuuliza Mzee Lourenco kwa nini alimwambia mwalimu maneno ya hatari kama hayo. Alikana, lakini maneno yalikuwa yamepigwa chapa, na jina lake lilikuwa pale. Wengine walisema kwamba huyu ni mtu wa ng'ambo, atajuaje maji ya huku. Tangu hapo Mzee Lourenco aliacha kwenda kwenye mikutano ya kijiji.

Sabina alikwenda kuchukua kitabu. Alitafuta ukurasa, akausoma. Ulisema hivi: "Mzee Lourenco aliniambia: Vuka maji yakianza kujaa."

Akachukua muswada wake. Huko alikuwa ameandika: "Vuka maji yakipwa. Usivuke maji yakianza kujaa."

Akaelewa. Mpiga chapa alisoma mpaka neno "maji" la kwanza, akapanga. Aliporudisha macho kwenye muswada, yaliangukia "maji" la pili. Maneno yote ya katikati yakarukwa.

Ilda alitazama kurasa zote mbili, akazisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha akasema kwamba yeye sasa anajua, lakini Namilembe hawajui. Akaondoka.

Kwanza Sabina alimkasirikia mpiga chapa. Alitaka kwenda kumgombeza. Mathayo alimkumbusha kwamba mtu yule alimpa karatasi azisome, naye hakuzisoma. Baadaye Sabina alisema atavichoma vitabu vyote vilivyobaki.

"Ukivichoma, vile vilivyouzwa vitakuwa bado viko mikononi mwa watu," Mathayo alisema. "Nenda kwa dada Elizabeti kwanza."

Elizabeti alikuwa jirani yao. Alifanya kazi katika ofisi ya elimu, na kazi yake ilikuwa kutayarisha vitabu vya watu wazima. Sabina alimkuta anachambua kisamvu. Alimweleza kila kitu. Elizabeti alisikiliza mpaka mwisho, wala hakumlaumu.

"Mwandishi akisoma kazi yake mwenyewe, haoni kilichopo kwenye karatasi," alisema. "Anaona alichokusudia. Mimi pia nilipoanza kazi hii niliacha kosa likapita katika kitabu cha afya. Tulilikamata kabla kitabu hakijatoka, lakini niliogopa sana."

"Sasa ninyi mnafanyaje?"

"Hatusomi prufu mtu mmoja. Mmoja anashika muswada na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, hata nukta anaitaja. Mwenzake anafuata kwenye prufu, kalamu mkononi. Na mahali penye jambo la hatari, kama dawa au njia au maji, tunaparudia tena peke yake. Makosa yakisahihishwa, tunaomba prufu nyingine. Mpiga chapa anaweza kusahihisha hapa akaharibu pale."

Sabina aliuliza afanye nini na vitabu vilivyokwisha kuchapwa.

Elizabeti alimweleza kwamba vilivyobaki vinaweza kusahihishwa. Maneno sahihi yachapwe kwenye vipande vidogo vya karatasi, vibandikwe juu ya kosa. Vilivyouzwa vitafutwe, na watu watangaziwe. Ingekuwa vyema kama angechapisha nakala chache kwanza, akaona wasomaji wanasema nini, kabla ya kuchapisha nyingi. Kisha Elizabeti akaweka bakuli la kisamvu chini.

"Hao uliowataja kwa majina, uliwasomea ulichoandika juu yao?"

"Hapana."

"Basi anzia huko," Elizabeti alisema. "Karatasi haitamtoa Mzee Lourenco aibu. Wewe ndiye utakayemtoa."

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Mpiga chapa alikubali kuchapa vipande vya masahihisho bila malipo. Alisema hata yeye angepaswa kuwa na mtu wa kulinganisha. Mathayo alikoroga gundi ya unga wa muhogo. Yeye na Sabina wakabandika, kitabu kimoja baada ya kingine, na Rozalia akavipanga juani vikauke. Matangazo yalibandikwa bandarini, sokoni, kanisani na msikitini. Watu wengi walileta vitabu vyao visahihishwe. Vichache havikuonekana tena, na jambo hilo lilimsumbua Sabina kwa muda mrefu.

Alikwenda pia kumwona Mussa, akamwomba radhi. Mussa alikuwa amepona. Alikiri kwamba hata yeye alikosea, kwa kuwa alipita nyumba za watu wala hakuuliza. Aliomba nakala iliyosahihishwa.

Kisha Sabina alikwenda Namilembe pamoja na Ilda. Mathayo aliomba ruhusa kazini akawasindikiza. Katibu wa kijiji aliwapa nafasi mkutanoni. Mzee Lourenco aliitwa. Alikuja, akakaa mbali na wenzake.

Sabina alisimama. Alisoma maneno ya muswada, kisha akasoma maneno ya kitabu. Aliwapitishia karatasi zote mbili, wale waliojua kusoma wazione wenyewe.

"Mzee Lourenco alinieleza sawasawa," alisema. "Maneno yake yalirukwa yalipopigwa chapa. Mimi niliweka sahihi bila kusoma. Kosa ni langu. Nimekuja kumwomba radhi mbele yenu, kwa sababu mbele yenu ndipo alipovunjiwa heshima."

Watu walinong'onezana. Wale waliosema habari za mtu wa ng'ambo waliinamisha vichwa. Mzee Lourenco alisimama, akasogea karibu.

"Nimekusikia, mwalimu," alisema. "Sasa nisomee yote uliyoandika juu yangu. Yote."

Sabina alisoma. Alisoma habari za shamba, za mchele mpya, za jinsi alivyomvusha majini. Alipofika penye maneno "Mzee Lourenco, mkimbizi kutoka Msumbiji," mzee aliinua mkono.

"Simama hapo," alisema. "Mama yangu nimemzika hapa. Watoto wangu wamekulia hapa. Vita vimekwisha, wenzangu wengine wamerudi kwao, mimi nimebaki. Mimi ni mkulima. Andika mkulima."

Sabina alifuta neno lile palepale, akaandika jingine juu yake. Baada ya hapo wengine nao wakapata ujasiri wa kusema. Somoe alieleza kwamba pa kuvukia pamehama baada ya mvua kubwa, na mgeni asivuke bila mwenyeji. Mwingine alisema jina la kijiji chao kitabuni lina herufi moja pungufu. Sabina aliandika yote mpaka karatasi zikamwishia, Katibu akampa zake. Siku hiyo Mzee Lourenco hakurudi mapema nyumbani. Alikaa na wenzake mpaka mkutano ukaisha.

Mwaka uliofuata kitabu kilitoka mara ya pili. Safari hii Elizabeti alisoma muswada kwa sauti, Sabina akafuata prufu kwa kalamu. Walikuta jina limekosewa na aya moja imepachikwa mahali pasipo pake. Wakairudisha prufu kwa mpiga chapa. Prufu ya pili ilikuja, nayo wakaisoma yote tangu mwanzo. Ndipo Sabina akaweka sahihi. Katika ukurasa wa mbele aliandika kwamba mgeni yeyote afikapo Namilembe amtafute mwenyeji wa kumvusha, na akataja nyumba za kuuliza.

Ofisi ya elimu ilinunua nakala kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Ndugu wa Singida waliandika kuuliza kama wanaweza kuja kutembea. Mussa alirudi Namilembe na mbegu mpya za mpunga. Mzee Lourenco ndiye aliyemvusha.

Darasa la watu wazima la Namilembe lilipopata vitabu hivyo, Sabina alialikwa. Somoe, ambaye alikuwa amejifunza kusoma mwaka uleule, aliombwa asome mbele ya wenzake. Alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili. Alisoma polepole, akipumzika baada ya kila neno: "Mzee Lourenco ni mkulima wa mpunga wa kijiji cha Namilembe."

Mzee Lourenco alikuwa amekaa benchi la nyuma, akijifanya anatengeneza kamba ya kiatu.

"Soma tena hapo," alisema.

Somoe akasoma tena.