Arobaini ya Orpha

"Huwezi, ama hutaki?"

"Siwezi, Mama."

"Mguu ni wako, mlango ni huu, gari iko chini. Nani amekushika? Niambie nimwone!"

"Usipige kelele, Mama. Atasikia."

Kathambi alichungulia nyuma ya bega la binti yake. Chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na kitanda cha chuma, begi lililokwisha kufungwa, na dirisha la fremu ya bluu lililoonyesha mapaa ya mtaa wa Observatory yakishuka mlimani. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa sakafuni. Hapakuwa na cha kuogopa ila harufu ya maziwa yaliyochemka hadi kumwagika, na ghorofa ile haikuwa na jiko.

"Ni hasira yako tu hii," Kathambi alisema. "Unaniadhibu kwa sababu sikukuambia mapema. Sawa, niadhibu, lakini niadhibie nyumbani."

Akamshika mkono, akavuta.

Mkono wa Orpha ulivuka kizingiti mpaka begani, kisha ukakwama. Kilichomzuia hakikuwa kigumu kama ukuta. Alikuwa kama mtoto aliyebebwa mgongoni, ambaye mikono yake hucheza nje ya kanga huku mwili ukiwa wa mbebaji. Kathambi ni meneja wa benki, mwanamke mwenye nguvu zake. Alivuta mpaka viatu vikateleza. Ndipo kutoka ndani ya chumba kile kitupu, karibu sana na sikio la Orpha, ikasikika sauti anayoitoa mama akimtuliza mtoto mchanga.

"Shhh. Shhh. Shhh."

Kathambi akauachia ule mkono.

Msiba wa kujitakia hauna pole, na Orpha alijua kwamba huu alijitakia mwenyewe. Kathambi hakumzaa. Alimchukua akiwa mchanga kutoka katika jengo hilihili, wakati lilipokuwa nyumba ya kanisa. Wasichana wenye mimba zisizo na waume walifichwa humo mpaka wajifungue, kisha wakarudishwa mjini mikono mitupu na kuambiwa wasahau. Orpha aliyajua hayo akiwa na miaka ishirini, shangazi mmoja alipoteleza ulimi harusini. Tangu siku hiyo Orpha alimtazama pua na masikio kila mwanamke aliyepishana naye mtaani Yeoville. Kanisani walimwambia nyumba ilishafungwa na mambo yake hayafunguliwi. Sista mmoja mzee tu ndiye aliyemwonea huruma, akamnong'oneza: "Alikuwa msichana wa Bukavu. Alilala chumba cha juu, chenye dirisha la bluu." Zaidi ya hapo alikataa.

Sasa jengo linapangishwa chumba kimoja kimoja. Orpha alikipanga kile cha juu na kumdanganya Kathambi kwamba anataka kuwa karibu na kazi. Jirani yake alikuwa Chiku, msusi kutoka Tanga. Alipomweleza kilichomleta, Chiku alimshika goti.

"Kwetu, mdogo wangu, ukifika penye wakubwa wako hupiti kimya kama mwizi. Unamwaga maji kidogo, unajitambulisha. Mimi fulani, binti fulani, wa ukoo wa fulani. Wakujue."

Orpha alilipenda neno hilo. Alasiri ileile alipiga magoti kando ya kitanda, akamwaga maji juu ya mbao za sakafu. "Mimi Orpha," alianza, "binti…" Akakwama. Binti nani? Wa ukoo gani? Machozi yakamlenga, na kwa kuwa hakuwa na jina la kutaja, akasema lililokuwa moyoni.

"Mama, ni mimi mtoto wako. Nimerudi. Nichukue."

Hakusema mama yupi. Alijiweka pale kama furushi njiapanda, mwenye kuokota aokote.

Mbao za sakafu zikayanywa maji yote kwa mara moja.

Mwanzoni mambo yalikuwa madogo. Aliamka na kukuta shuka limemzunguka vizuri, ncha zake zimekunjwa chini ya kidevu, akadhani amejiviringisha usingizini. Alisikia mtu akiimba bila maneno, akadhani ni redio ya Chiku. Kisha akiwa njiani kwenda kazini, alipolipita geti tu, alishikwa na kichefuchefu akarudi. Siku chache baadaye hakuweza kulifikia geti. Baadaye ngazi zikamshinda, na hatimaye kizingiti. Chiku akawa anamletea chakula na beseni. Lakini wali ulimkwama kooni, nyama ikawa kama kamba, na kitu pekee kilichoteremka ni maziwa. Nayo mara nyingi Chiku hakuyaleta, ila Orpha aliamka ameshiba, midomo ikiwa na utando mweupe, na meno ya mbele yakicheza alipoyagusa kwa ulimi.

Ilipofika hapo ndipo alipompigia Kathambi simu aje amchukue, na mkaona yaliyotokea.

Kathambi alikuwa mtu wa kanisa. Kwanza aliomba mwenyewe, sauti yake ikatetemesha vioo. Alipomaliza, zile shhh zikarudi, safari hii zikimtuliza yeye. Alikaa kwenye ngazi akalia, kisha akamgeukia Chiku.

"Wewe si ndiye uliyemfundisha kumwaga maji? Haya, tafuta anayejua kuyazoa."

"Nilimwambia ajitambulishe, Mama Benki. Sikumwambia ajitoe sadaka!"

"Usiniite Mama Benki."

Hata hivyo wote wawili walikwenda mtaa wa Berea, wakarudi na Burhani, mganga wa makamo mwenye kanzu iliyopauka na maneno machache. Alichoma ubani, akasoma kwa muda mrefu. Wingu la mvua ya alasiri lilikuwa limetanda juu ya mlima, chumba kikawa na mwanga wa kijani kama ndani ya chupa. Orpha alihisi kinywa chake kikifunguka, na kilichotoka hakikuwa chake. Sauti ilikuwa laini, lakini lafudhi zake zilikuwa nyingi, ya Soweto, ya Lesotho, ya Kongo, kana kwamba imeokota kipande kwa kila msichana aliyewahi kulala pale.

"Wewe nani?" Burhani aliuliza.

"Mama yake."

"Hukumzaa."

"Alinipa mwenyewe. Alisema nichukue."

"Mama yake ni mimi!" Kathambi alipaza sauti. "Nimemlea kwa chupa, nimekesha naye akiumwa!"

"Ulimchukua," ile sauti ilijibu bila hasira. "Wote mnachukua. Wao walilia hapa usiku, nami nikawasikiliza. Asubuhi walishuka ngazi. Hata mmoja hakurudi. Huyu amerudi. Kama yupo aliyemzaa, asimame pale mlangoni mchana, mbele ya watu, aseme huyu ni wangu. Nitamwachia."

Radi ilipiga, kinywa cha Orpha kikafumba.

Burhani alijifuta jasho. "Si mzimu wa mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, mkazi wa zamani, pengine alikuwepo kabla ya jengo. Hana mtoto. Amesikiliza vilio vya wazazi miaka na miaka mpaka akajifunza umama kwao. Ndiyo maana siwezi kumfukuza. Anaamini anatenda haki, na maneno ya kumkabidhi yalitoka kwa mwenye nafsi. Sasa anamtunza kama mzazi atunzavyo, ndani, asitoke mpaka arobaini."

"Na arobaini ikitimia?" Chiku aliuliza.

"Mtoto wa arobaini hutolewa nje, akaonyeshwa kwa ndugu." Burhani alifunika ubani wake. "Atamtoa, ndiyo. Lakini kwa ndugu zake yeye jini."

Wakahesabu tangu siku ya yale maji. Jumatano ingekuwa ya mwisho, jua likizama.

Chiku alikifanyia kazi kitu pekee alichokuwa nacho, yaani uso. Alitembea sokoni Yeoville na picha ya Orpha, akiwaonyesha akina mama wa Bukavu. Watatu walicheka wakasema mbona huyu ni mke wa Mchungaji Gustave alipokuwa msichana. Jumatatu jioni Kathambi alipiga namba aliyopewa na kuweka spika, ili Orpha asikie. Orpha alikuwa amelala kwenye shuka lililombana mpaka mikono ikafa ganzi. Maneno yalikuwa yameanza kumtoroka. Alilitazama dirisha na hakukumbuka linaitwaje.

"Madame Angélique, mimi naitwa Kathambi. Mtoto wako niko naye."

Mlango ulifungwa upande wa pili, na sauti ikashuka.

"Iko muzima?"

Orpha alifumba macho. Ndiyo sauti hiyo, basi. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama yake.

"Bado ni mzima. Anakuhitaji."

"Bwana yangu hajue. Watoto hawajue. Miye ni mama wa kanisa, banawake beko bananiangalia. Unaelewa?"

"Sikuombi umchukue, dadangu. Nimemlea mimi, nitaendelea. Naomba neno moja tu, mlangoni. Useme ni wako. Baada ya hapo hutatuona tena."

"Siku yote ya kuzaliwa kwake ninafunga kula," Angélique alisema. "Kila mwaka. Nitakuja Jumatano. Bwana yangu atakuwa ku kazi."

Jumatano madereva wa teksi, yaani daladala za mji ule, waligoma. Tangu alfajiri barabara zilikuwa tupu, na watu walitembea kwa miguu wakishuka kuelekea mjini. Chiku alisimama dirishani. Kathambi alikaa ukumbini nje ya kizingiti, mgongo ukutani, maana kila alipoingia ndani harufu ya maziwa ilimziba pumzi. Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi, hakuna. Orpha alilala akitazama jua likisogea sakafuni kuelekea ukutani, na kila liliposogea shuka lilijikaza, na ule wimbo usio na maneno uliendelea juu ya paji lake la uso kwa pumzi ya baridi iliyonukia sabuni na maziwa, na alijua bila kuambiwa kwamba kule kuimba kulikuwa kwa furaha, furaha ya mtu anayemvisha mwanawe nguo mpya kwa ajili ya safari, na kwamba nje ya dirisha, mahali palipokuwa na hewa tupu na miti, walikuwa wamekwisha kukusanyika wengi waliokuja kumwona mtoto.

"Gari!" Chiku alisema. Kisha, "Yaani… hajaja peke yake."

Angélique hakuwa amepata teksi. Alimwomba mumewe lifti, akamwambia anakwenda kumtazama mgonjwa wa kwaya, naye Mchungaji Gustave hakumwacha mkewe aende kumwombea mgonjwa peke yake. Aliacha kazi, akapitia akina mama wawili wa maombi. Sauti zao zilipanda ngazi, viatu, vitambaa vikichakarika, mwanamume akiuliza ni ghorofa ya ngapi.

Angélique alitangulia. Alifika mlangoni akiwa na Biblia kifuani, akatazama ndani.

Orpha aliona pua yake. Aliona masikio yake. Alijiona mwenyewe miaka kumi na saba mbele, amefunga kilemba cha kitenge. Wimbo ulikatika. Shuka likalegea kidogo, kama mikono ya mtu anayesubiri kuona kama itambidi atimize ahadi. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, Orpha alikuwa amebakiwa na moja, na akalitoa.

"Mama."

Angélique alinyoosha mkono. Vidole vyake vilivuka kizingiti. Kathambi, pale chini ukutani, alikunja mikono yake akamtazama usoni, akatikisa kichwa kumsihi, sema, sema tu. Midomo ya Angélique ilifunguka.

Gustave akafika nyuma yake, akihema kwa sababu ya ngazi, na wale akina mama wawili wakichungulia mabegani mwake. Alimtazama msichana kitandani, akamtazama mkewe, akarudi kumtazama msichana muda mrefu zaidi.

"Ni huyu?" aliuliza. "Unamujua huyu mutoto?"

Jua lilikuwa limefika ukutani, karibu kuzama. Angélique alirudisha mkono wake, akaufunga juu ya Biblia.

"Hapana, Papa Gradi," alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Si hapa. Tumekosea mulango."