Injini Iliyoitwa Mrefu

Taa ilikuwa inawaka, na betri ilikuwa mezani, haijaungwa popote. Fundi alisimama mlangoni mwa karakana, haelewi. Ile injini kuukuu ya boti ilikuwa imefungwa kwenye stendi yake, kimya. Koili za chaji zilikuwa chini ya gurudumu la juu, na koili hazitoi umeme mpaka sumaku za gurudumu zizunguke. Gurudumu lilikuwa limetulia tuli. Hata hivyo balbu ndogo aliyoiunga kwenye waya wa chaji ilikuwa inawaka.

"Watu wa zamani walijua kutengeneza," alijisemea, akajaribu kucheka. Kisha akaufuata kwa macho waya mwekundu uliotoka kwenye balbu. Uliishia kiganjani mwa mama yake, aliyekaa kwenye kigoda pembeni, akinong'ona.

Injini ilikuwa ya kaka yake, Mrefu. Boti ilipopinduka, injini iliopolewa, Mrefu hakuonekana. Kwa kuwa mwili haukupatikana, Mama alikataa katakata neno kifo litamkwe nyumbani mwake. Fundi naye, ambaye kulia hakukujua, aliifungua injini, akaisuuza tope, akakausha koili na kuunga nyaya upya. Siku ya kuijaribu ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mafundi tu. Mle karakanani injini huitwa kwa jina la mwenyewe: Mwalimu kagoma leo, Bwana Harusi anavuja mafuta. Basi kwa mazoea akaipiga kofi la kirafiki, akasema, "Haya Mrefu, amka. Tumekungoja sana."

Kitu kikasikia kinaitwa, kikaja.

Tangu hapo Mama alihamia karakanani. Kila alasiri alishika waya, balbu ikawaka, na chini ya kifuniko sauti ikamjibu. Chumba kilinuka koili iliyoungua na maji yaliyolala. Mkewe Fundi alimvuta mumewe jikoni.

"Mama anaisha," alinong'ona. "Gauni nililomvalisha leo linamvuka mabega. Na mkono wake ule, mume wangu, wa baridi!"

Fundi alichukua mita yake ya umeme, akaenda kupima. Waya ulikuwa na chaji kamili, na aliporudia kupima, akitumaini mita ndiyo mbovu, aliona mshale ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, sawasawa na kifua cha mama yake kilivyokuwa kikipumua, akajua kwamba hakuna sumaku iliyokuwa ikizunguka mle ndani, kilichokuwa kikizunguka ni uhai wa mzazi wake, na ulikuwa unakwenda ukiisha.

Wakamwita mganga, mwanamke mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alinusa hewa, akarudi hatua.

"Mmekipa kitu nyumba na jina," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini kisikae? Wewe uliyekiita ndiye ukikane. Na Mama auachie waya kwa hiari yake. Mkimpokonya, kitaondoka naye."

Fundi alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, uachie."

"Usiniachie, Mama," ikasema injini, na ilikuwa sauti ya Mrefu hasa, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi, na Fundi alitamani kufa kwa jinsi alivyokuwa na hamu ya sauti ile, kwa jinsi alivyotaka kuiacha iseme tena, hata neno moja, hata tusi, huku balbu ikizidi kung'aa na midomo ya mama yake ikizidi kuwa ya kijivu, mpaka akafumba macho na kulitoa lile neno ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake.

"Wewe si Mrefu. Mrefu amekufa."

Mama alimtazama. Kisha akafungua vidole, kimoja kimoja, waya ukaanguka sakafuni. Balbu ikazimika. Chini ya kifuniko kitu kililia kama mtoto anayefungiwa nje, kikanyamaza, na harufu ikaisha.

Mama alipata nafuu. Alianza kula, rangi ikamrudi, akawa anakaa barazani peke yake alasiri. Siku moja Fundi alipita mbio, kitambaa cha mafuta mkononi, akasimama, bado kinywa kinamuuma kwa lile neno alilolisema.

"Mama, unisamehe. Nilikutenganisha na mwanao."

"Hakuwa mwanangu," Mama alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua? Na ukaendelea kushika waya?"

"Mrefu hakuwahi kukaa na mimi alasiri nzima," alisema, akitazama uani. "Wala wewe. Kile kilikuwa kinakaa."

Ndani ya karakana, mteja alikuwa anamwita Fundi. Fundi alikiweka chini kitambaa. Aliketi sakafuni miguuni pa mama yake, na hatimaye akalia.