Geti la Injinia

"Mbona unachuma hata mbichi?"

Mwalimu hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la nyanya nyuma ya nyumba, beseni pembeni, mkono unapita mche kwa mche. Nyekundu alichuma, za njano alichuma, na zile ngumu za kijani, ambazo hata ndege hawazitaki, nazo alichuma.

"Zitaivia ndani," alisema.

"Na maboga umekata yote?"

"Nimekata."

"Si umesema unakwenda kwa kaka yako wiki moja tu?"

"Wiki moja, ndiyo."

Mumewe alisimama pale na kinyago chake cha kuchomelea kimepandishwa juu ya kichwa, glavu mkononi. Mtaa mzima walimwita Injinia, na tusidanganyane, hawakumwita hivyo kwa heshima. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani wa mahakama, kugonga mihuri kutwa. Ufundi ulikuwa wa Jumamosi. Kigoda alichomtengenezea mkewe kilikuwa na miguu mitatu iliyogusa chini, na wa nne ulikuwa unasalimia wapita njia. Hata hivyo, kila Jumamosi asubuhi lazima cheche ziruke.

Alizitazama zile nyanya za kijani kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Ngoja nikachomelee geti. Bawaba ya chini imekatika, linaburuza. Shemeji akija na gari, lifunguke vizuri."

"Sawa."

Akashusha kinyago usoni, akaenda zake. Mwalimu alijiuliza kama ameelewa. Mwanamke anayeondoka wiki moja havuni nyanya mbichi, hilo hata mtoto wa chekechea anakofundisha yeye angelijua. Lakini wazo lile lilimpita tu, kana kwamba linamhusu jirani.

Jikoni maharage yalikuwa yanatokota. Alikatia boga pembeni, akaosha mchele, akabandika. Kwa nini anampikia mtu anayemwacha? Kwa sababu ilikuwa Jumamosi na Jumamosi alikuwa anapika. Hakuwa na sababu nyingine. Simu ikaita, akaibana kwa bega.

"Nipo njiani," sauti ya kaka yake ilisema. "Umefunga mizigo?"

"Tayari."

"Umemwambia kwamba hurudi?"

"Nimemwambia wiki moja."

"Mdogo wangu, jamani! Ndiyo nini hiyo? Unalia?"

"Silii."

"Una hasira naye bado?"

"Sina."

"Kama huna hasira unaondoka kwa nini?"

"Kwa sababu sina, kaka. Sina hasira, sina uchungu, sina chochote. Akiingia ndani, mimi naona mtu ameingia. Basi."

Kaka yake akavuta pumzi, akasema atafika sasa hivi, akakata.

Mambo yalianza na ujumbe. Mwaka jana, simu ya Injinia iliwaka mezani wakati yeye anaoga, na mkewe akasoma bila kutafuta: "Umefika salama mpenzi? Shuka bado zinanukia wewe." Alikuwa mwanamke wa ofisini kwao. Injinia hakukataa. Alipiga magoti, akaapa, akamwacha yule mwanamke, akaomba kuhamishiwa chumba kingine cha kazi. Mwalimu akamwambia, "Nimekusamehe." Akaingia jikoni, akapika. Hakupiga kelele, hakuvunja hata kikombe. Mashoga zake wakamsifu, we mwanamke una moyo! Moyo gani? Ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Honi ikalia nje.

Mwalimu alifunika sufuria, akaburuta begi lake hadi getini. Injinia alikuwa amesimama mbele ya geti, kinyago bado kimemfunika uso, anasukuma kwa bega.

"Fungua, kaka amefika."

"Nafungua."

"Sasa?"

"Halifunguki."

"Halifunguki vipi? Si ulikuwa unalitengeneza lifunguke vizuri?"

"Ndiyo. Nimechomelea bawaba." Akaacha kusukuma. "Nimeichomelea yote. Na ule upande unaozunguka pia. Imeshikana na nguzo."

Mwalimu aliitazama ile bawaba. Lilikuwa donge moja la chuma, limevimba, halina mwanzo wala mwisho. Fundi wa kulipwa hawezi kufanya kosa lile hata akiwa amelewa.

"Umefanya makusudi?"

"Wallahi sikufanya makusudi."

"Shemeji!" Sauti ilitoka juu. Kaka alikuwa amepanda kwenye bodi ya pikapu yake, kichwa kimetokeza juu ya ukuta. "Mmejifungia?"

"Limeshikana, shemeji. Nalikata na grenda sasa hivi, dakika chache tu."

"Dakika zako nazijua, Injinia. Mdogo wangu, nipitishie begi huku juu."

"Na mimi mwenyewe utanipitisha wapi?" Mwalimu akauliza.

"Wewe ruka!"

"Niruke ukuta na gauni hili?"

"Basi nipe hata chakula nikisubiri. Nimetoka bila kunywa chai, na hayo maharage nayasikia mpaka huku."

Injinia akaenda kutafuta waya wa umeme wa kufika getini. Mwalimu akarudi jikoni, akapakua wali, akamwagia maharage, akapanda juu ya kile kigoda kinachosalimia, akamnyooshea kaka yake sahani juu ya ukuta. Kaka akapiga kijiko cha kwanza. Akatafuna taratibu. Akaacha kutafuna.

"Mdogo wangu."

"Nini?"

"Hiki chakula hakina chumvi."

"Kina."

"Hakina hata punje! Onja mwenyewe."

Akarudisha sahani. Mwalimu akaonja, akiwa palepale juu ya kigoda. Akaonja tena, akamrudishia. Wali hauna kitu. Maharage hayana kitu. Akajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alishika kopo la chumvi, hakukumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa anakula tonge mbili tatu, anaondoa vyombo.

Injinia alikuwa amerudi na grenda mkononi. Alikuwa amesikia.

"Leo nimesahau chumvi," Mwalimu akamwambia.

Injinia akaigeuza grenda mkononi, akaikagua.

"Mbona unanyamaza? Ni leo tu, si ndiyo?"

"Acha tu."

"Nakuuliza! Toka lini?"

"Toka siku ile."

"Siku ile ipi?"

"Ile ya ujumbe."

Kaka, juu ya ukuta, akainamisha kichwa kama aliyetamani ashuke lakini asikose kusikia.

"Miezi yote hiyo?" Mwalimu akasema. "Mchana na usiku unakula chakula kisicho na chumvi, na husemi?"

"Niseme nini? Nilijua unaniadhibu. Nikasema nile adhabu yangu."

"Nakuadhibu?"

"Nilidhani."

"Nakuadhibu kwa chumvi?" Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, naye aliisikia ikipanda na hakuitambua. "Mimi nikitaka kukuadhibu ningekuadhibu kwa chumvi? Mimi ningekuadhibu kwa mwiko! Ningekupasua hicho kichwa mbele ya mama yako! Chumvi! Ulinidhalilisha mpaka ulimi ukafa, sijui chungu, sijui tamu, na wewe umekaa hapo unajiona shujaa unakula adhabu!"

"Mke wangu..."

"Usiniite! Yule ulimwita mpenzi! Mimi uliniita mpenzi lini? Hata siku ya harusi hukuniita hivyo! Mimi ni Mwalimu, Mwalimu, mchana Mwalimu, kitandani Mwalimu, utadhani nakusahihishia daftari! Na yeye shuka zinanukia! Shuka zipi hizo? Alizifua nani?"

Kigoda kikayumba. Injinia akatupa grenda, akamdaka kiunoni. Mwalimu akamkamata shati, akampiga ngumi ya kifua, ya kwanza, ya pili, na kila ngumi ilimuuma yeye mkononi, na ile ganzi ikaanza kuchoma mwili mzima, kama mguu unavyochoma unapoamka. Akalia kwa sauti. Alilia vibaya, makamasi na yote.

"Kinyago toa!" akamfokea. "Naongea na wewe, nataka uso!"

Injinia akapandisha kinyago. Macho yalikuwa yamevimba, yamekuwa mekundu kama nyanya zilizoiva.

"Umefanya nini? Umechomelea bila kioo?"

"Kioo kipo."

"Sasa hayo macho?"

"Nilikuwa nalia humo ndani. Toka nilipoona umechuma zile mbichi. Nilijua hurudi." Akafuta pua kwa glavu. "Kioo kikajaa ukungu, sikuona nachomelea wapi. Nilitaka lifunguke vizuri ukiondoka. Hata hilo nimeharibu."

Mwalimu akamwachia shati.

"Kata geti," alisema.

Injinia akavaa kinyago tena, akawasha grenda. Cheche zikaruka hadi kwenye majani ya maboga. Alikata bawaba ya chini, na kwa kuwa alikuwa Injinia kweli, akakata na ya juu iliyokuwa nzima. Geti likaenda chini lote, puu! Vumbi likatulia, barabara ikaonekana wazi, na pikapu, na kaka ameshika sahani yake.

"Njia hiyo," Injinia akasema. "Sikuzuii."

Kaka akaruka chini, akaingia, akachukua begi. "Twende, mdogo wangu."

"Rudisha begi ndani, kaka."

"Umemsamehe?"

"Sijamsamehe hata kidogo!" Akajifuta uso kwa kanga. "Nilimsamehe mapema mno, ndiyo kosa langu. Nilikuwa naondoka kwa sababu sina ugomvi na mtu. Sasa ninao. Siwezi kuondoka na ugomvi wangu haujaisha. Wewe nenda nyumbani, msalimie wifi."

"Na geti?"

"Tutaita fundi."

Injinia akafungua mdomo kusema kitu kuhusu geti. Alitazamwa, akaufunga.

Kaka alipoondoka, Mwalimu alizipanga zile nyanya za kijani dirishani, kwenye jua. Kisha akatia chumvi kwenye sufuria, akakoroga, akaonja, akatia tena. Akapakua sahani moja, akaiweka mbele ya mumewe aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, anayumba.

"Kula. Ukimaliza tunaanza siku ya kwanza. Nani alimpigia nani."

"Nitakwambia yote."

"Utaniambia yote, na mimi nitapiga kelele, na majirani watasikia, geti lenyewe hatuna."

Injinia akapiga tonge. Akatafuna. Akasita, akamtazama mkewe kwa woga.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Najua," akajibu, akavuta kiti akakaa mbele yake. "Kula."